Kijana anakata nyasi kwa ndala: gambuti hazitoshi, mnunulie buti

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kijana wako wa bustani huko Gungu anasukuma mashine ya kukatia nyasi akiwa na ndala na anadai buti zinamchemsha miguu, halafu unataka kujua kama gambuti za kawaida zitatosha ili usiingie gharama ya buti za kazi. Kwa jembe na kumwagilia, pasipo na miiba, gambuti zinatosha. Kwa mashine, hapana. Nasema hivi kwa sababu yalitokea nyumbani kwangu.

Naishi Mwanga, hapa hapa Kigoma, upande wenye mteremko. Miaka sita iliyopita nilinunua mashine ya petroli ya mtumba, ya kusukuma. Kwenye mpini ina mkono mwembamba wa chuma: ukiushika injini inaunguruma, ukiuachia inazima. Kuushika saa nzima vidole vinakufa ganzi, kwa hiyo nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli nikaufunga usiachie. Najua wengi mnafanya hivyo.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, umande haujakauka, mpwa wangu alikuwa anakata nyasi kavaa yeboyebo. Alikuwa anarudi kinyumenyume kushuka mteremko huku akiivuta mashine. Mguu ukateleza, akakaa chini, na mashine ikamfuata. Kama mkono ule ungekuwa huru, angeuachia palepale na injini ingezima. Mpira nilioufunga mimi ndio uliofanya kisu kiendelee kuzunguka. Alipoteza kidole gumba na cha pili yake, mguu wa kushoto. Jioni nilipotoka hospitali nilikuta kipande cha mbele cha yeboyebo chini ya mchikichi, kimekatika ukingo laini kama kimepitishwa wembe. Tangu siku ile jirani akiwasha mashine, naangalia kwanza miguu ya anayeisukuma.

Kisu cha mashine hizi huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na ncha yake huenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Kisu kikikuta kokoto, hiyo kokoto inatoka kama risasi, na huwa inampiga mtu kwenye kifundo au muundi. Marekani tangu mwaka 1982 wanataka kisu cha mashine mpya ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mkono kuachiwa. Hata hizo sekunde 3 ni nyingi kwa mguu ulioteleza, sembuse mashine iliyofungwa mpira.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria kiatu, kata huo mpira kama upo. Kijana akate nyasi zilizokauka, na kwenye mteremko aende kwa kukatiza, ubavuni, asipande na kushuka. Na asiivute mashine kuelekea miguuni mwake.

Sasa buti. Watu wengi wanaangalia chuma cha mbele tu. Chuma hicho kwenye buti zenye kiwango cha kimataifa hupimwa kwa pigo la jouli 200, yaani kama uzito wa kilo 20 ukidondoshwa kutoka mita moja. Kinasaidia jiwe au tofali likiangukia vidole. Kisu kinachozunguka ni habari nyingine, kwa hiyo asije akadhani amepata ruhusa ya kusukumiza nyasi chini ya mashine kwa mguu. Kwa maoni yangu, kwa mji wetu wa vilima kinachomwokoa mtu zaidi ni soli yenye meno marefu. Mpwa wangu asingeteleza, tusingefika kwenye kisu.

Na soli ina kazi ya pili ambayo watu wa Kigoma tunaijua kuliko wengine: miiba ya mchikichi. Kuti likishakatwa linabaki kwenye nyasi, linakauka, linakuwa rangi moja na udongo. Miiba ya kwenye shina lake ni migumu kama msumari. Mwaka juzi nilikanyaga mmoja nikiwa na ndala, ukapita soli, ukaingia karibu na kisigino. Damu ilitoka tone moja tu. Nikaona si kitu, nikaendelea kupalilia. Siku ya nne nilikuwa natembea kwa kushika ukuta, na daktari alipopasua akatoa kipande chenye urefu wa punje ya mchele. Kabla ya hapo aliniuliza chanjo ya pepopunda nilichoma lini, nami sikuwa na jibu. Vimelea vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na vinachopenda ni tundu jembamba, refu, lisilopata hewa, yaani tundu la mwiba hasa. Kidonda kikubwa kinachotoa damu nyingi mtu hukimbilia hospitali. Hiki kidogo ndicho tunachokipuuza. Muulize kijana wako kuhusu chanjo yake.

Gambuti ya kawaida mwiba huo unaipita. Tafuta kiatu chenye bati ndani ya soli. Ukifungua ulimi wa buti utaona alama: S1 haina kinga ya kutoboka, S3 inayo pamoja na meno, na S5 ni gambuti yenye chuma mbele na bati chini. Kwa kazi ya mashine na bustani chukua S3. Kama eneo lako linatuama maji, S5. Za mitumba zipo nzuri sokoni, ila zikague. Kunja soli kwa nguvu: mpira uliozeeka unaonyesha nyufa pale mguu unapojikunja, na buti ya namna hiyo itaachia soli mapema.

Gambuti bado zina heshima yake. Minyoo ya safura huingia kwa kupenya ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye kinyesi. Funza naye, ambaye aliingia Afrika kutoka Brazil kupitia Angola mwaka 1872 na kusambazwa na misafara, bado yupo kwenye vumbi letu. Nyoka aitwaye bafe hakimbii ukimkaribia, analala palepale kwenye majani makavu, na nyoka wengi huuma kuanzia kifundo kwenda chini. Kiatu kinachopanda juu ya kifundo kina faida hapo. Ila kila asubuhi kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana nge wanapenda giza la ndani.

Kuhusu joto, kijana wako hasemi uongo, buti zinachemsha. Mnunulie soksi nene za pamba jozi tatu, akate nyasi saa nne umande ukishakauka, apumzike jua likiwa kali, na akimaliza azianike buti zikiwa zimepinduliwa juu ya vijiti. Wewe ndiye mwajiri wake, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Usimkate kwenye mshahara. Mpwa wangu nilimpa mashine, yeboyebo akajinunulia mwenyewe, na hilo nimemwomba radhi.

Ukienda kununua nenda naye jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kazi ya siku, na avae zile soksi nene. Atembee dukani, apige pua ya buti chini mara mbili. Vidole vikigusa chuma, ongeza namba moja.