Filamu ya kutisha ikitengenezwa upya, inaweza kuifikia ile ya kwanza?

SWALI: Salamu, mkubwa. Sisi ni vijana wa kikundi cha filamu hapa Mbale. Tuna kamera moja, taa mbili, na nyumba ya babu kwenye mteremko wa Wanale ambayo tumeruhusiwa kuitumia usiku. Tunataka kutengeneza upya Night of the Living Dead, ile ya 1968 ya wafu wanaoinuka, tuifanye kwa Kiswahili na kwa mazingira ya kwetu. Wenzetu wanatuvunja moyo. Wanasema filamu ya kutisha ikirudiwa haiifikii ya kwanza hata siku moja. Ni kweli? Na kama si kweli, kiufundi tuangalie nini?

JIBU: Si kweli, ndugu zangu, na ushahidi upo. The Thing ya John Carpenter iliyotoka 1982 ilikuwa marudio. Ilitanguliwa na The Thing from Another World ya 1951, na zote mbili zimetokana na hadithi moja ya John W. Campbell ya 1938. Leo wapenzi wengi wa filamu za kutisha wataitaja ya Carpenter kwanza. The Fly ya David Cronenberg ya 1986 nayo ilikuwa na mtangulizi wa 1958, na hiyo ya pili ndiyo iliyopata Oscar kwa kazi ya kumbadilisha mwigizaji sura. Kwa hiyo hiyo "hata siku moja" ya wenzenu haina msingi. Ila wakisema nyingi zinaanguka, hapo wako sahihi. Kazi yangu hapa Kampala ni kuhariri picha na sauti, na nikizitazama zile zilizoanguka naona zimeangukia mahali pamoja: zimerudia picha, zikaiacha hofu.

Hofu ya filamu inategemea mtazamaji anajua nini na anakijua saa ngapi. Chukueni Psycho. Hitchcock alipoitoa 1960 alimweka mbele mwigizaji mwenye jina, Janet Leigh. Watu wakaamini hadithi ni yake, kisha akamuua bafuni filamu ikiwa haijafika nusu. Majumba ya sinema yalitakiwa yasimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza. Mwaka 1998 Gus Van Sant akaipiga upya karibu shoti kwa shoti, safari hii kwa rangi, muziki ukiwa uleule wa Bernard Herrmann. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mtazamaji asiyejua kinachomngoja yule dada bafuni. Mwongozaji ni stadi, waigizaji wazuri, kamera nzuri kuliko ya 1960, na bado watu walikaa wakihesabu tu ni lini pazia litavutwa.

Sasa rudini kwa Carpenter mwone alichofanya kinyume chake. Kiumbe wa 1951 alikuwa mmoja, mkubwa, mtu ndani ya vazi la zimwi. Ukimwona unajua ndiye. Katika hadithi ya Campbell kiumbe anajigeuza akawa mwenzako, sura, sauti na yote, na wazo hilo filamu ya 1951 ililiacha. Carpenter akalirudisha. Kuna sini humo nawaomba mwitazame mkiwa na daftari. Wanaume wako kambini Antaktika, baadhi wamefungwa kamba kwenye kochi. MacReady, mhusika mkuu, ana visahani vya damu, kila kimoja na jina la mtu wake. Anapasha waya moto, anauchovya kwenye damu. Chsss. Huyu ni mtu. Kisahani kingine, waya, chsss. Sikio lako limeshajifunza mdundo: waya, mlio, unapumua. Hapo mmoja wa waliofungwa anaanza kulalamika kwamba kipimo hiki hakithibitishi lolote, MacReady anageuka kumjibu, mkono wake ukiendelea na kazi kana kwamba imeshakuwa mazoea. Nasi tunawatazama wanaobishana. Waya unagusa damu, na damu inaruka kutoka kisahani.

Ukiipima sini ile kwa jicho la mhariri, damu kuruka ni jambo la mwisho kabisa. Kilichofanya kazi ni mdundo uliojengwa kwa uvumilivu, halafu macho yetu yakapelekwa kwingine sekunde ileile ulipovunjwa. Hilo halihitaji pesa. Linahitaji mwongozaji aliyeacha shoti ziwe ndefu za kutosha, na mhariri asiyekuwa na pupa.

Pesa ikiingia bila akili inaweza hata kuharibu. Katika A Nightmare on Elm Street ya Wes Craven, 1984, msichana amelala, na ukuta juu ya kitanda chake unavimba, uso na mikono inasukuma kutoka ndani. Walichofanya ni kutandaza kitambaa kinachovutika mahali pa ukuta, mtu akakiegemea kwa nyuma. Basi. Kitambaa kinavutika pale kinapopaswa kuvutika, na taa inayomwangaza msichana ndiyo inayoangusha kivuli cha uso ule. Waliporudia 2010 walitumia kompyuta. Ule uso wa pili hauna uzito. Jicho la mtu halihitaji kusomea filamu ili lijue kwamba kitu hakikuwepo chumbani. Sisemi kompyuta ni mbaya, naitumia kila siku. Nasema kwa taa mbili na kamera moja hamna sababu ya kujiona maskini: kitu cha kushikika, kikiwa chini ya mwanga uleule wa mwigizaji, kitawapa zaidi.

Sauti nitakaa nayo kidogo, maana vijana wengi huiacha hadi wiki ya mwisho. Mtaitengeneza kwenye spika nzuri au kwenye hedifoni, lakini watu wataisikilizia wapi? Kwenye simu, na kwenye kibanda cha video. Spika ya simu haitoi besi. Chini ya hezi 200 au 300 hivi karibu hakuna kitu (hezi hupima mitetemo ya sauti kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti ni nzito). Filamu nyingi mpya za kutisha zinategemea mngurumo mzito unaosikika tumboni kabla ya masikioni. Kwenye jumba la sinema lenye spika kubwa ya besi, sawa. Kwenye simu mngurumo huo umepotea wote, na mtazamaji anaona mtu anatembea kwenye korido bila lolote. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa sauti ya njia moja na spika za kawaida, ndiyo maana fidla za Psycho zinachoma hata kwenye redio ndogo. Sikio la binadamu ni kali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, na huko ndiko ukali wa mayowe unakokaa, huko pia bawaba inakolia na kucha zinakokwaruza bati. Wekeni hofu yenu huko kwanza, besi ije kama nyongeza. Na kila mkimaliza kuchanganya sauti za sini moja, isikilizeni kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kusema imekwisha.

Tena acheni ukimya uwepo. Nikisema ukimya sisemi kuzima kila kitu, maana mtazamaji atadhani spika imekufa. Rekodini usiku wa pale Wanale wenyewe, dakika kadhaa bila mtu kuongea: wadudu, upepo kwenye migomba, mbwa wa mbali. Mlalie sauti hiyo chini ya sini yote, kisha mtoe wadudu peke yao sekunde chache kabla ya jambo kutokea. Mtu wa kijijini atakaa wima bila kujua kwa nini.

Hapa Uganda kuna jambo lingine ambalo mwongozaji wa Marekani halimgusi. Wengi wetu filamu za nje tulizijua kwa VJ, yule msimulizi wa kibandani. Anafasiri, anaeleza, anatia utani, na kila anapoongea sauti ya filamu inashushwa chini yake. Nawaheshimu VJ, bila wao watu wengi wasingeonja sinema kabisa. Lakini filamu ya kutisha inaishi kwenye zile sekunde ambazo hakuna anayesema kitu, na hizo ndizo VJ huzijaza. Kwa hiyo huenda ile "ya kwanza" mnayotishwa nayo, wenzenu waliipenda ikiwa tayari imekwisha kuwa filamu nyingine. Kwa upande wenu, andaeni mapema. Mkimaliza, hifadhini mazungumzo peke yake, na muziki na milio peke yake, mafaili mawili tofauti. Akitokea VJ anayetaka kuiweka kwa Kiganda au Kigisu, mpeni faili la milio pamoja na karatasi ya dakika ambazo mnamwomba anyamaze. Hao ni watu wa kazi, mkiwaeleza sababu watawaelewa.

Sasa njoo kwenye filamu yenu. Ile ya George Romero inaanzia makaburini: kaka na dada wameendesha gari masafa marefu kwenda kuweka shada kwenye kaburi la baba, na kaka analalamikia umbali njia nzima. Wengi wa wafu wanaowajia ni watu wasiowajua. Hebu tazameni uwanja wa nyumba ya babu yenu. Kwetu makaburi mara nyingi yako papo hapo nyumbani, nyuma ya jiko au kando ya migomba, na watoto wamecheza juu yake tangu wadogo. Akiinuka mtu pale, si mgeni. Ni bibi. Mnaijua kanga aliyozikwa nayo, mnajua alivyokuwa akiburuta mguu wa kushoto. Romero aligusa hofu hiyo, kwani kaka yule na mtoto mmoja wa wale waliojificha ndani ya nyumba wanarudi wakiwa wafu, lakini kwake inakuja mwishoni. Kwenu inaweza kuwa ndiyo filamu nzima. Nani kati ya wajukuu atashika panga? Nani atamzuia? Mkijibu hayo mawili kwa ukweli hamtakuwa mnashindana na 1968 tena, mtakuwa mnaendelea kutoka pale ilipoishia.

Ugomvi wa ndani ya nyumba pia ubadilishwe. Katika ile ya kwanza Ben na Cooper wanagombana: tukae juu karibu na milango, au tujifungie chini ya nyumba? Ni wanaume wawili wasiojuana, kila mmoja anaweza kumfokea mwenziwe. Nyumba ya babu haina chumba cha chini, na babu hafokewi. Mzee akisema wote tuingie chumba cha ndani, na kijana anaona kwamba chumba hicho hakina njia ya kutokea, kijana atasemaje? Atasema "sawa, mzee" huku macho yake yako mlangoni. Pigeni picha ya karibu ya uso huo na mkae nayo. Woga wa kumpinga mzee ukikutana na woga wa kilicho nje, mna kitu ambacho Romero hakuwa nacho.

Redio na televisheni za 1968 zilileta habari kutoka nje zikizidi kuwa mbaya. Leo kuna simu, na waandishi wengi huikimbia kwa kusema hakuna mtandao. Msiikimbie. Acheni mtandao uwepo, ujumbe wa sauti uingie WhatsApp mmoja baada ya mwingine, shangazi wa Soroti anasema vile, binamu wa Busia anakanusha, mwingine anaanza kusema kisha anakatika. Sauti ya binadamu kwenye spika ya simu iko palepale sikio linapoumia, na haina gharama.

Kuhusu rangi, mnaweza kuitoa kama 1968, lakini iwe na sababu. Tom Savini aliirudia kwa rangi 1990 na akambadilisha Barbara kutoka dada aliyeganda kwa mshtuko kuwa mpiganaji, na mimi badiliko hilo naliona na thamani kuliko rangi. La muhimu kwenu ni usiku. Kamera za kawaida zikikosa mwanga zinajaza picha chenga, na kibanda chenye matundu ya bati kitaimaliza picha yenye giza. Taa moja iwekeni nyuma ya migomba, mbali, ikiwatazama waigizaji kwa mgongo ili mabega na majani yapate ukingo wa mwanga. Ya pili iwe dhaifu, chini, kama mwanga wa taa ya mafuta. Kwenye kila shoti ya giza pawe na kitu kimoja cheupe au kinachong'aa, hata sufuria, jicho lipate la kulinganisha. Bila hicho, weusi unakuwa kijivu.

La mwisho ni haki. Night of the Living Dead iliingia mikononi mwa umma Marekani kwa sababu jina lake lilibadilishwa karibu na kutoka, na tangazo la hakimiliki likaachwa kwenye nakala zenye jina jipya. Ndiyo maana mnaikuta kila mahali. Lakini Uganda ina Sheria yake ya Hakimiliki ya 2006, na mkitaka kuiuza au kuiweka mahali panapolipa, mwoneni wakili wa mambo hayo kwanza, mkiwa na muswada mkononi. Matoleo ya baadaye, likiwemo la 1990, yana wenyewe, kwa hiyo msichukue humo mhusika, sini wala mstari wa mazungumzo. Ipeni jina lenu wenyewe. Mkishakata sini ya kwanza, hata ikiwa mbichi, niletee niisikilize. Anzeni na ile ya chumba cha ndani.