Uliza Mwalimu: Darasa zima limenakili, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nafundisha Historia kidato cha tatu, Tanga. Niliwapa insha ya Vita vya Maji Maji. Zaidi ya nusu wameleta aya zilezile, nyingine za kitabuni, nyingine za akili mnemba kwenye simu. Wenzangu wanasema sifuri na viboko. Roho yangu inasita.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rudisha madaftari bila alama yoyote.

Mwanafunzi wako tangu darasa la kwanza amesifiwa kwa kunakili ubaoni bila kuacha hata nukta. Nani alikaa naye akamwonyesha namna ya kutumia maneno ya mtu na kumtaja mwenyewe? Amesikia tu kwamba Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya wadanganyifu. Basi amejifunza kujificha.

Halafu kuna Kiingereza. Shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, leo anatakiwa aeleze vita vya 1905 hadi 1907 kwa lugha inayomkwama kooni. Habari za mganga Kinjekitile na maji yake ya dawa kule Ngarambe anazijua vizuri, sentensi ndizo hazimjii, anaazima za kitabu. Nimesahihisha insha hizi miaka mingi, na wengi niliowaita hawakuwa wavivu. Waliogopa kuchekwa.

Kipindi kijacho wasome ukurasa mmoja tu, ule wa kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu. Wafunge vitabu. Kila mmoja amsimulie jirani yake kwa Kiswahili, ndipo aandike rasimu kwa Kiingereza chake hichohicho cha kuokoteza, na chini ataje mwandishi na ukurasa. Akitaka sentensi ya kitabu kama ilivyo, aifungie kwenye alama za kunukuu. Aliyetumia akili mnemba aeleze aliiuliza nini na alibadilisha nini. Katika alama 20, tenga 5 kwa rasimu na kutaja chanzo, na kwenye rasimu usimkate hata moja kwa sarufi. Walimu wengi watakubishia hapo. Shikilia.

Najua darasa ni kubwa. Kila wiki ita watano, mmoja mmoja: "Hebu nieleze aya yako ya pili." Akikwama, aiandike upya palepale, alama zake zisiguswe. Atakayerudia makusudi baada ya kufundishwa, zungumza naye pamoja na mzazi, kisha aanze insha upya. Viboko viache kabisa.

Niandikie muhula ujao unieleze rasimu zimekuwaje.