Mkuu, usitume hiyo milioni 20 kabla hawajasaini

Mkuu, simama hapo hapo. Kesho usiende benki. Umeandika kuwa milioni 20 za mirathi ya mama mnazipeleka kituo cha watoto huko Nkuhungu, Dodoma, mtaji usiguswe, faida isomeshe mabinti. Unauliza uzitume vipi, mambo ya kodi, na kama jina la mama litaandikwa ukutani. Halafu unamalizia "wamenihakikishia kwa mdomo, ni watu waaminifu." Hapo tumbo likanikata.

Mzee wetu alipofariki, ndugu wanne tulikubaliana tuuze ng'ombe wake. Tukawaswaga mnada wa Msalato wiki mbili mfululizo, tukapata milioni 14. Nia yetu: tuikabidhi taasisi moja, hela ikae benki akaunti ya muda maalumu, faida ilipie hosteli na sare za mabinti wa kijijini kwetu, wilaya ya Chamwino. Ndiyo, ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, lakini binti anayetembea kilomita nane kwenda shule shida yake siyo ada. Mzee alikuwa akiwaona wakipita alfajiri.

Siku ya kukabidhi nilikwenda na karatasi niliyochapa steshenari, masharti yote yamo. Katibu wa taasisi akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Kijana, ukimwekea Mungu masharti hiyo si sadaka tena, ni biashara." Watu wakacheka. Na mimi zuzu nikacheka. Nikaandikiwa risiti, ninayo mpaka leo, kalamu ya bluu: "Mchango wa hiari, maendeleo ya taasisi." Maneno sita yamemeza zizi zima.

Mwaka uliofuata wakanunua matenti mawili, viti vya plastiki 300 na spika. Vya kukodisha. Hakuna binti aliyelipiwa hata soksi. Kilichonimaliza ni harusi ya binamu yangu: kamati ilikodi viti kwao. Yaani nimekalia ng'ombe wa baba yangu, na mchango wa kuvikodi nimetoa. Vilikuwa visafi, tuseme ukweli.

Wakili aliniuliza kitu kimoja tu: risiti inasemaje? Zawadi isiyo na sharti ukishaikabidhi ni mali ya aliyepewa. Nia iliyobaki kichwani kwako mahakama haiioni. Na hata ikithibitika ni amana ya hisani kwa umma, yaani mali waliyokabidhiwa waishike kwa kazi maalumu ya hisani, sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya madai inataka afungue kesi Mwanasheria Mkuu wa Serikali, au watu wawili na zaidi wenye maslahi, kwa ridhaa yake ya maandishi. Siyo ukurupuke na hasira zako. Kule Marekani familia ya Robertson ilitoa dola milioni 35 kwa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1961, na hati walikuwa nazo. Wakashtaki 2002 wakidai masharti hayakufuatwa, wakamalizana 2008. Hao wenye hati! Mimi na kirisiti changu?

Yule katibu tulikutana sokoni Majengo. Hana hata haya, akaniuliza kama mama naye anafuga.

Kwa hiyo karatasi kwanza, hela baadaye. Hati iseme mtaji hauguswi, faida ni ya kazi gani, hesabu mnaletewa lini, na hapa ndipo penye meno: wakibadilisha matumizi, fedha zinakwenda kwa nani. Mtaje huyo mtu au taasisi. Wasaini wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, maana mali ya taasisi kisheria wanaishika wao, siyo katibu na muhuri wake. Omba uone cheti chao cha usajili. Wakianza kukuhubiria habari za imani, beba begi lako uondoke. Bora mtaji mbaki nao wenyewe kwenye akaunti ya familia, wao muwapelekee faida tu kila mwaka.

Eti jina la mama ukutani? Kwetu la mzee waliliandika, mgongoni mwa viti, rangi nyekundu. Na herufi wamekosea.