Muulize Fundi: Adapta imekaza, mbona bunduki bado inacheza?

Swali: Shikamoo Fundi. Nina bunduki ya kuwindia ya bolti, yaani ya komeo la kuvuta kwa mkono. Kitako chake, ule mwili unaoubeba mtutu, ni cha plastiki na upande wa chini, mbele, kina kishikizo kimoja tu cha mkanda. Kaka yangu amenipa bipodi yake nzuri, ile miguu miwili ya kuegemezea bunduki, lakini inataka reli ya Picatinny, ukanda wenye meno wa kufungia vifaa. Nikaagiza adapta, kile kipande kifupi cha reli kinachofungwa kwenye kishikizo cha mkanda. Imekaza, ila bunduki inacheza kushoto na kulia. Tena nikilala nayo kwenye shabaha ya mita 100, risasi zinapanda juu kuliko nikiegemeza kwenye mfuko wa mchanga. Ninunue adapta ya chuma kizito zaidi?

Jibu: Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Umeniletea magonjwa mawili ukidhani ni moja, na la pili nina shaka halimo ndani ya adapta kabisa.

Toa magazini, toa risasi, vuta bolti uitoe nje, kisha chungulia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho yako. Nasema hivi kwa kila barua, na nitaendelea kusema.

Tuanze na kule kucheza. Adapta ya namna yako imeshikwa na nukta moja tu, kile kishikizo. Kinachoizuia isizunguke ni mgongo wake kubanwa dhidi ya kitako. Sasa igeuze uutazame mgongo huo: je, ni bapa wakati tumbo la kitako chako ni la duara? Kama ndivyo, imekaa kama sahani juu ya chungwa. Adapta ya kununua ni ile yenye mgongo uliochongwa kwa mviringo au wenye raba mbili pembeni, na yenye urefu wa kutosha kugusa kitako mbele na nyuma ya kishikizo. Uzito wa chuma hausaidii chochote hapo. Kama unayo ya mgongo bapa, kipande cha ngozi au cha mpira wa ndani wa tairi kilichokatwa vizuri kinaweza kuitibu.

Kisha tazama kishikizo chenyewe. Kile kitundu chake kinapaswa kukaa kwa kukingamana na mtutu, maana vipini vya adapta huingia kutoka kushoto na kulia. Kikiwa kimepinda kidogo, vipini vitaingia nusunusu na utakaza mpaka uchoke. Watu wengi hapa hukamata koleo na kukizungusha kwa nguvu zaidi. Usifanye hivyo. Kifungue, weka washa (kipete bapa cha chuma) nyembamba chini yake, kaza tena mpaka kitundu kikae sawa. Na ukiwa umekifungua, angalia kimeshikwa na nini. Kwenye vitako vingi vya plastiki ni skrubu ya mashine yenye nati ndani, kwenye mfereji ambamo mtutu hulala, na hiyo ni salama. Kama ni skrubu ya mbao iliyosokomezwa kwenye plastiki tupu, siku moja utabaki na bipodi mkononi na bunduki chini.

Sasa ugonjwa wa pili, ambao ndio unaokula risasi zako. Bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, uzito umetawanyika. Ikiwa juu ya bipodi, uzito wote wa mbele unapita kwenye adapta, nawe umelala nyuma yake unaisukuma kwa bega. Plastiki laini inapinda kuelekea juu na kuugusa mtutu. Risasi inapofyatuliwa mtutu hutetemeka, na ukigusana na kitu wakati huo, risasi inakwenda kwingine. Chukua karatasi, ikunje mara mbili, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele mpaka karibu na chemba. Ikipita bunduki ikiwa imelala mezani, usishangilie. Funga bipodi, lala chini, isukume kwa bega kama unavyofanya uwanjani, na mwenzako aipitishe karatasi tena. Nadhani itakwama.

Ikikwama, una njia mbili. Ya kwanza ni kupanua mfereji: zungushia msasa kwenye kijiti cha mviringo kinachozidi mtutu unene kidogo, usugue taratibu, ujaribu karatasi, usugue tena. Ya pili ni kukipa kitako uti wa mgongo. Vitako vya plastiki vya bei ya chini huwa na vyumba vitupu kwa ndani. Vikwangue kwa msasa ili gundi ishike, laza humo fimbo ya alumini au ya nyuzi za kaboni, ujaze epoksi. Hakikisha tu epoksi haipandi kwenye mfereji. Mimi ningeanza na ya pili, kwa sababu ukisugua bila kuimarisha, plastiki itaendelea kupinda na vipimo vyako vitafuata jinsi ulivyolala siku hiyo.

Ukimaliza, rekebisha darubini upya bunduki ikiwa juu ya bipodi, si juu ya mfuko.

Swali: Fundi, kitako changu ni cha mbao na hakina kitu mbele. Nataka kutoboa mwenyewe. Nifunge kishikizo, au reli fupi moja kwa moja?

Jibu: Reli, kama mbao ina unene wa kutosha, kwa sababu kitu kilichoshikwa na skrubu mbili hakizunguki. Lakini hakikisha ni Picatinny kweli. Jeshi la Marekani liliweka kipimo hicho mwaka 1995: kila mfereji unaoikata reli una upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mmoja mpaka katikati ya mwingine milimita 10.01. Kuna ndugu yake wa zamani, Weaver, mwenye mfereji wa milimita 4.57. Kifaa cha Weaver huingia kwenye reli ya Picatinny, ila cha Picatinny hakiingii kwenye Weaver. Nimeona mtu akikitia tupa kifaa kizuri kwa kutojua hilo.

Kuhusu kutoboa, nikupe aibu yangu. Nilifunga reli kwenye kitako cha mbao, kazi safi, mstari wa katikati umenyooka. Wiki mbili nikahangaika na shabaha iliyotawanyika. Nikalaumu risasi, nikalaumu darubini, nikamlaumu hata jirani aliyekuwa akikohoa. Nilipotoa mtutu nikakuta ncha ya skrubu imechungulia ndani ya mfereji, na mtutu una alama ndogo inayong'aa. Skrubu ilizidi kwa milimita mbili!

Basi toa mtutu kwanza. Pima unene wa mbao pale pale utakapotoboa, maana mfereji unapunguza zaidi ya unavyodhani. Zungushia utepe kwenye ncha ya drili kuonyesha kina cha kuishia. Tundu liwe jembamba kuliko skrubu, na uipake skrubu sabuni kavu ili mbao isipasuke. Kaza kwa bisibisi ya mkono. Mbao ikiwa laini, toboa hadi juu, weka nati ndani ya mfereji, uizamishe isifike kwenye mtutu.

Swali: Bunduki yangu ina matundu marefu ya M-LOK chini, mfumo wa kufungia vifaa kwa nati zinazoingia tunduni. Nati zake zinageuka ovyo.

Jibu: Zinatakiwa kugeuka, nyuzi 90, halafu zisimame. Legeza skrubu mpaka nati ilale sambamba na tundu, ingiza, kisha kaza taratibu huku ukiibonyeza adapta. Chungulia upande wa ndani uone kama kila nati imekingama. Nguvu ya kukaza imeandikwa kwenye karatasi iliyokuja na adapta. Gundi ya kuzuia skrubu isilegee weka tone tu, na kama kitako ni cha plastiki usiweke kabisa, kwani gundi hiyo hupasua baadhi ya plastiki.

Swali: Je, nikibana bipodi kwenye mtutu wenyewe?

Jibu: Soma tena jibu la kwanza.