Barua kwa mwanangu: risasi ya pili

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako yaya yako, mkubwa wako wa kuzaliwa, alinisomea juzi, kisha nikamwomba simu nikausoma mwenyewe. Unauliza hivi: kati ya bunduki mbili, Tikka T3x Lite na Kimber Montana ya 84M, zote za risasi ya .308, ni ipi nyepesi ya kutosha kutembea nayo kutwa nzima kule kisiwani Anticosti, Canada, bila bega kukuuma, na baba yako angechukua ipi. Umefaulu mtihani wa kuwinda, una karatasi za Québec mkononi, na bado umenikumbuka mimi niliye huku Lubumbashi. Nimefurahi sana. Nilimwambia mama yako, akanijibu kwamba tangu asubuhi natembea uani kama niliyeitwa kazini.

Basi uzito nimalize haraka. Kimber ni kama kilo 2.3, Tikka ni kama kilo 2.9, kabla hujaweka darubini. Nusu kilo na ushei. Ukipanda na kushuka siku nzima utaihisi, sikatai. Lakini hujaniuliza risasi ya pili. Umenisikia nikilisema hili tangu ukiwa mdogo pale Kamalondo, nami sijapata sababu ya kuacha: bunduki ni risasi ya pili. Ya kwanza kila bunduki inaitoa.

Nilikuwa kijana, mwaka 1976, majira ya baridi, majani yameanza kukauka lakini moto bado haujapita. Nkambo wako, yaani babu yako, aliajiriwa kufuata nyayo kwa ajili ya mgeni mmoja aliyekuja na kibali chake, ng'ambo ya Lufira, nje ya mipaka ya mbuga ya Kundelungu. Mimi nilibeba maji. Mgeni alikuwa na bunduki mpya, nyembamba, nyepesi ajabu. Aliwahi kunipa niishike, na kwa kweli niliitamani. Nkambo wako alikuwa na Mauser yake iliyotengenezwa Herstal, Ubelgiji, ile ya milimita 7 aliyoachiwa na mkubwa wake wa kazi pamoja na makaratasi yake. Unaikumbuka ilivyokuwa nzito, wewe na yaya yako mlikuwa mnashindwa kuinyanyua pale nyuma ya mlango.

Jioni jua likiwa limeinama tukampata mpelembe dume, yule swala mkubwa ambaye vitabu vinamwita korongo, uso mweusi na mweupe, masikio marefu. Alikuwa kando ya dembo, lile bonde la majani lenye majimaji, ubavu wote wazi. Mgeni akapiga. Niliona kichwa chake kikiinuka kabla mlio haujaisha. Ile bunduki ilikuwa inapiga teke baya, na mchana ule alipoijaribu kwenye kichuguu ilikuwa imeshamfundisha kuiogopa. Risasi ikaingia nyuma, tumboni. Mnyama akajikunja, akasimama. Alisimama, mwanangu! Muda wa kutosha kabisa wa kumpiga tena na kumpumzisha.

Mgeni akavuta komeo, kile chuma cha mkono kinachotoa ganda na kuingiza risasi mpya, akasukuma nusu, akasita, akarudisha, akasukuma tena. Risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu, nyingine ikaja nyuma yake, ncha ikagonga kitako cha mwenzake, na chuma chote kikakwama. Akaanza kuchokoa kwa kisu. Mpelembe akageuka taratibu akaingia kwenye majani marefu. Nkambo hakuwa na ruhusa ya kupiga mnyama wa mgeni, alimtazama tu, akingoja neno. Neno lililokuja ni kwamba giza linaingia, turudi kwenye gari, mnyama atakufa tu.

Nkambo wako alikwenda mahali mnyama aliposimama, akachukua damu kwenye jani, akaisugua kwa vidole viwili, akainusa, akaninusisha na mimi. Ilikuwa nyeusi, ina vipande vya majani yaliyotafunwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu hafi leo. Mgeni akapanda gari. Sisi tukabaki.

Tulilala na moto. Alfajiri tukafuata, na nakuambia sijawahi kuona mtu akitembea polepole vile, maana mpelembe aliyejeruhiwa hushambulia na pembe zake si za mchezo. Tulimkuta ameegemea kichuguu, vile vichuguu vya kwetu vinavyopita urefu wa nyumba. Hakuweza tena kukimbia. Nkambo akapiga mara moja, mnyama akaanguka, na kabla hajagusa ardhi komeo la Mauser lilikuwa limeshakwenda na kurudi, kitako kikiwa bado begani, jicho bado kwa mnyama. Ganda tupu likaangukia mguuni pangu. Alibaki hivyo kwa muda mrefu. Kisha ndipo akashusha bunduki.

Siku ileile mgeni alikuja kupiga picha na zile pembe. Akawasimulia wenzake kambini kwamba alimwangusha kwa risasi moja. Nkambo wako alikuwa pale, amekaa, anakula bukari, ugali wetu, na hakusema kitu. Mpaka leo nikikumbuka naumwa.

Sasa unaelewa kwa nini swali lako limenikosesha usingizi. Bunduki zako mbili zimegawana shida za ile moja ya mgeni.

Kimber ina ukucha mrefu wa Mauser, kile chuma cha komeo kinachoshika risasi, ile kazi ya Paul Mauser ya mwaka 1898. Risasi ikitoka tu kwenye ghala lake, kisanduku zinamokaa risasi, ukucha unaishika kitakoni na hauiachi. Ukisita katikati ukarudisha komeo, risasi inarudi nalo, inatupwa nje, unaanza upya. Ule mkwamo wa mgeni ungekuwa vigumu sana kutokea. Winchester waliuondoa ukucha huo kwenye bunduki yao ya Model 70 mwaka 1964 ili kupunguza gharama, na wawindaji walinung'unika hadi ukarudishwa miaka ya 1990. Kwa hiyo moyo wangu ulikimbilia Kimber moja kwa moja. Lakini kilo 2.3! Risasi ni ileile. Bunduki ikipungua uzito, nguvu ya teke inapanda. Ukizipima tupu, Kimber itakupiga karibu robo zaidi ya Tikka. Na teke ndilo lililoinua kichwa cha yule mtu. Tena bunduki nyepesi hutikisika na pumzi yako ukiwa umetoka kupanda kilima. Mtutu mzito kidogo hutulia upesi.

Tikka, ile ya Riihimäki kule Finland, inasukuma risasi bila kuishika. Ukucha wake mdogo huing'ata mwishoni tu, komeo likifungwa. Ni mtindo uleule wa bunduki ya mgeni. Hapo nikaikataa. Halafu nikajibishana na nafsi yangu: komeo lake huinuliwa nyuzi 70 tu, Mauser hutaka 90, na wote wanaoijua husifu jinsi linavyoteleza. Mkono usiosita hausababishi mkwamo. Yule mgeni alisita kwa sababu alikuwa ameumia na kuogopa, na aliogopa kwa sababu ya wepesi. Basi kosa lilikuwa la ukucha au la uzito? Nimeligeuza hili siku kadhaa na kila nikilala unashinda upande mmoja, nikiamka unashinda wa pili. Na lile ghala la plastiki la Tikka linalochomoka, ni zuri ukitaka kutoa risasi haraka kabla ya kupanda gari, ila likidondoka porini utabaki unaingiza risasi mojamoja. La Kimber limefungwa ndani, haliwezi kupotea, lakini kulitoa risasi lazima uzipitishe zote kwa komeo.

Fanya hivi. Nenda dukani umevaa koti lako la Novemba, lile nene, kwa maana kitako kinachofika vizuri ukiwa na shati hukwama kwapani ukiwa na koti. Hakikisha bunduki ni tupu, wewe na muuzaji mhakikishe wote. Chagua alama moja ukutani. Weka begani, vuta komeo mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho, bila kushusha na bila kuiacha ile alama kwa jicho. Fanya na ya pili. Kisha tafuta mwenye kukuazima kila moja uwanjani, upige kidogo tu, na umwombe mwenzako akutazame uso wakati wa kufyatua. Asitazame shabaha. Akiona jicho linafumba au kichwa kinainuka, hiyo si yako, hata kama umeipenda, hata kama ndiyo niliyoichagua mimi.

Maana nimechagua. Jina nimelitaja mbele ya mama yako, naye ameahidi kutokuambia hadi utakapokuwa umenunua. Usimpigie kumbembeleza, ninajua ataachia.

Baba yako