Nimefuta python3, desktopu yote imepotea. Nifomati?

SWALI: Mkuu habari, niko Nyegezi hapa Mwanza nina stationari, mashine yangu ni Ubuntu 22.04. Nilitaka Python mpya nikaona nitoe ya zamani kwanza, nikaandika sudo apt remove python3 nikabonyeza Y, sasa nikiwasha inakuja skrini nyeusi yenye maandishi tu. Kazi za wanafunzi ziko humo. Nifomati? Na remove na purge zina tofauti gani?

JIBU: Usifomati kaka, kazi za wanafunzi zipo salama, apt (ile programu ya Ubuntu ya kuinstoli na kutoa programu) haigusi mafaili yako ndani ya /home, iwe remove au purge.

Kilichotokea ni kwamba hiyo python3, lugha ya kuandikia programu, inategemewa na programu kibao za Ubuntu yenyewe, kwa hiyo ukiitoa na zenyewe zinatoka, ni kama kuvuta kamba ya wavu pale mwaloni Kirumba, wavu wote unakuja. Na apt ilikuonyesha orodha nzima chini ya neno REMOVED kabla haijakuuliza Y. Hiyo orodha isome kila mara tafadhali, hata kama mteja amesimama mlangoni, na ukiona jina la desktopu humo bonyeza n.

Sasa kurudisha. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako na paswedi. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti ya simu kwa USB, halafu andika ip a uone kama kuna kitu kinaanza na usb au enx na kama kimepata namba ya IP. Kama hakijapata andika sudo dhclient na jina la hicho kitu, mfano sudo dhclient usb0. Intaneti ikikubali:

sudo apt update
sudo apt install python3 ubuntu-desktop

Itakuambia inahitaji kudaunilodi MB ngapi kabla ya kuanza, linganisha na bando lako kwanza ndo ukubali, maana likiisha katikati utapoteza muda bure. Ikimaliza sudo reboot. Kama kuna programu bado huioni fungua less /var/log/apt/history.log, mstari wa Remove una majina yote yaliyotoka, tarehe iko mstari wa Start-Date juu yake, unayarudisha unayoyataka kwa apt install.

Umeme ukikata wakati inainstoli usihangaike, ukirudi andika sudo dpkg --configure -a halafu sudo apt --fix-broken install. Ila yale mafaili ya lock (yanayozuia apt mbili zisifanye kazi kwa wakati mmoja) watu wanakushauri uyafute, yaache, mara nyingi ni apdeti inayojiendesha yenyewe chinichini, isubiri tu.

Python mpya haihitaji ya zamani itoke. Ya 22.04 ni 3.10, nyingine inakaa pembeni yake kwa jina lake, mfano python3.11, zote mbili zinaishi vizuri.

Remove inatoa programu inaacha mafaili ya setingi kule /etc, purge inatoa na hayo. Ukiandika dpkg -l | grep ^rc utaona zilizotolewa ila setingi zimebaki. Zile pakeji zilizokuja kusaidia programu uliyoitoa zinatolewa na sudo apt autoremove, nayo ina orodha yake, isome. Na ukiwa na wasiwasi ongeza -s, yaani apt remove -s na jina, inakuonyesha itafanya nini bila kufanya chochote.

Ikigoma hapo kwenye intaneti nitumie picha ya ip a.