Jino Lililonyamaza Halijapona

Mhariri, juma hili mmeuliza: jino likikuamsha usiku wa manane, unafanya nini? Nitajibu kwa yaliyonipata hapa Kisumu, kwani nilipokosea mimi ndipo ninapoona wenzangu wengi wakikosea.

Gego langu la chini lilikuwa na tundu la siku nyingi. Jioni moja nilitafuna mahindi ya kuchoma, na kufika saa saba usiku lilikuwa linapwita hadi sikioni. Nikilala linazidi, nikiketi linapungua. Chai moto ilinitoa machozi, lakini maji baridi nikiyashika mdomoni yalinituliza dakika mbili tatu. Daktari wa meno alinieleza baadaye kwamba ndani ya jino mna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Bakteria wakikifikia kinavimba, na kwa kuwa kuta za jino ni ngumu, hakina pa kuvimbia. Ukilala, damu huelekea kichwani kwa wingi zaidi.

Nilisukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikauma karafuu, nikameza ibuprofen, dawa ya kutuliza maumivu. (Mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito asiimeze bila kuuliza. Na aspirin msiibandike kwenye fizi, inaunguza.) Asubuhi nikanunua amoxicillin, dawa ya kuua bakteria, dukani bila kupimwa. Siku ya tatu maumivu yakakatika ghafla. Nikamshukuru Mungu, nikarudi soko la Kibuye kuuza nguo zangu.

Kumbe kiini kilikuwa kimekufa. Wiki mbili baadaye shavu lilivimba, homa ikapanda, usaha ukawa umejaa kwenye mzizi. Dawa niliyomeza isingeweza kuponya kiini hicho, maana damu ndiyo huibeba dawa, na humo damu haipiti tena. Yalibaki mawili: kusafisha mizizi na kuiziba, au kung'oa. Kwa mfuko wangu, niling'oa. Daktari alitoa usaha kwanza, kwa sababu ganzi hushika vibaya penye uvimbe. Baada ya hapo nilisikia msukumo tu, uchungu hapana. Nyanya yangu, kama Wajaluo wengi wa rika lake, alitolewa meno sita ya chini kwa mila, pasipo ganzi yoyote. Nadhani hofu tuliyo nayo ya kiti cha daktari tumeirithi kwenye simulizi hizo.

Si kila jino hupitia njia hiyo. Lililopasuka huchoma unapouma au unapoachia. Gego la mwisho likikwama, fizi inayolifunika huvimba. Ukiwa na mafua mazito na magego ya juu yakauma pamoja, hasa ukiinama, huenda ni matundu ya hewa usoni, meno hayana kosa. Taya likiuma pamoja na kifua kubana, huenda ni moyo: hospitali mara moja. Vivyo hivyo uvimbe ukishuka chini ya taya, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri. Hapo msingoje kuche, hata kama ni kwa boda boda.

Jirani yangu wa kibanda cha pili aliugua jino wiki nzima, na tangu Jumapili anatamba kwamba limepona. Nimemwomba anioneshe fizi. Kuna kipele chenye usaha. Kesho tunafunga vibanda saa nne, nampeleka mwenyewe.